Tairi Moja la Kijiwe Kizima

Mshauri alipowaona vijana wa pikipiki wamejazana kwenye banda la chai la Shangazi, kila mmoja akiikodolea simu macho kama anayesubiri jibu la posa, alijua riziki yake imefika. Vijana hawa huitwa kwa simu kubeba abiria na vifurushi. Simu isipolia, chungu hakiinjikwi. Na karibu na birika kulikuwa na kisanduku cha bati, kufuli lake kubwa utadhani linalinda ghala.

"Hicho ni cha nini, Shangazi?"

"Kisanduku cha akiba ya wanangu. Kwa ajili ya siku pikipiki ikiharibika."

Mshauri alivaa tai, na mwenye tai huaminika upesi. Shetani angeijua siri hiyo asingehangaika na pembe.

"Pesa iliyolala haizai," akasema. "Nikabidhini niitunze. Pikipiki ikigoma, nalipa siku hiyo hiyo."

"Baba, tumeshauziwa sana mbuzi kwenye gunia. Tuone kwanza unavyolipa. Wakiridhika wote, nakupa kisanduku na ufunguo wake."

Chambo hakimfilisi mvuvi, akawaza Mshauri. Kesho yake kijana mmoja, Mrefu, akaleta tairi lililopasuka, akalipwa. Kipara naye akaleta lake, akalipwa. Alipofika Ndevu, Mshauri aliinama.

"Tairi hili nalijua."

"Tairi zote nyeusi, bosi."

"Hata kiraka ni kile kile."

"Fundi wetu ni mmoja."

Shangazi akakohoa, akakisogeza kisanduku kidogo upande wa Mshauri. Mshauri akalipa. Akauza redio, akamkopa shemeji yake, akazidi kulipa, na tairi likazunguka kijiwe kizima kama sahani ya sadaka.

Vijana walipokwisha kulipwa wote, akaja na begi. Shangazi, mcha Mungu asiyevunja ahadi, akampa kisanduku na ufunguo. Mshauri akafungua. Akakipindua, akakitikisa.

"Mbona kitupu?"

"Ndivyo ulivyokikuta, baba. Mimi nilisema kisanduku cha akiba, sikusema akiba imo. Wanangu hawakuwahi kubakiza hata ya kiberiti. Wameanza kuweka juzi, kwa hizo ulizowalipa. Nimezipeleka benki."

"Hizo zilikuwa za matengenezo!"

"Wewe nawe. Tairi bovu lilikuwa moja tu."

Mshauri akatoka nje kutafuta wa kumkimbiza stendi kabla shemeji hajapata habari. Hakukuwa na mtu. Pikipiki zote zilikuwa nzima, na zote zilikuwa kazini.