Ripoti Kumi na Nne za Vyandarua

Jumatatu, 6 Mei 1996. Kibiti.
Hapa ofisini pana jambo. Bi Rukaya, mkuu wa utafiti wetu wa vyandarua, ametupa mimi na karani mwenzangu Mshamu ripoti kumi na nne. Zile zile! Tuzitenge mafungu mawili. La kwanza: kaya zilichaguliwa, mtumishi akapita kila jioni kuchomekea chandarua. Hizo zaonyesha chandarua kinaweza nini mambo yote yakienda sawa. La pili: watu walipewa, wakaachwa na maisha yao. Kila mmoja wetu asome peke yake, bila kuulizana. Kwa nini wawili, kazi moja? Mwezi ujao anabaki karani mmoja tu. Huu mtego.

Jumanne, 7 Mei.
Nimesoma ripoti moja na nusu. Usingizi. Mshamu anaandika huku anatabasamu. Anajua kitu.

Jumatano, 8 Mei.
Mshamu kaenda kuswali adhuhuri, majibu yake kayaacha mezani wazi! Nikanakili yote. Halafu nikashtuka. Mtu anayefungia hata kalamu kabatini, leo ndiyo asahau? Chambo hicho! Nimegeuza kila jibu: yeye la kwanza, mimi la pili. Sidanganyiki.

Ijumaa, 10 Mei.
Mshamu kapata zote. Mimi sifuri! Bi Rukaya akaeleza kuwa wawili husoma kila mtu kivyake ili mmoja aone kosa la mwenzie, na wakitofautiana wakae wazungumze. Akaongeza kuwa hata asiyejua kusoma angebahatisha nusu. Kukosa zote kunataka bidii. Mshamu akauliza kama naumwa. Upole gani huo? Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Nikamlilia mama wa watu, nina watoto wanne. Kanipa nafasi ya mwisho. Niende bondeni, watu wamehamia madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo mashambani, kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Nihesabu wangapi wanalala ndani ya chandarua, kama walivyo, bila kuwatangulizia habari. Nikileta hesabu ya kweli, nitabaki.

Jumatatu, 13 Mei.
Kama walivyo! Ili nirudi na hesabu ya aibu, Mshamu acheke? Jana nilimtuma Fikirini, kijana wa jirani, na baiskeli yake apite dungu kwa dungu: mkaguzi yuaja, kila mtu atundike, asiyenacho aazime.

Leo alfajiri, madungu arobaini, vyandarua arobaini! Cha mama mmoja, Biasha, kilikuwa bado ndani ya nailoni. Nikamsaidia kukifungua, nikamwandika. Kimoja chenye kiraka cha buluu nimekikuta madungu matatu. Nimekihesabu mara tatu, sipendi uzembe.

Kesho nampelekea Bi Rukaya. Mshamu aanze kufungasha.