Tarekhe ya Mabula Mfungua-Nati na Jenereta la Manju

Acheni majembe, enyi watu wa Bariadi! Mwenye kukamua ng'ombe na aiachie chuchu, ndama naye apate bahati yake. Mwenye kupima pamba na aushushe mzani, upumzike na uongo wake. Na wewe mama unayesonga ugali, funika chungu uje, kwa maana ugali mbichi haujapata kuua mtu, bali tarekhe isiyosimuliwa imezika mataifa mazima. Sogeeni! Ninatangaza habari za Mabula Mfungua-Nati, simba wa spana, jemadari wa grisi, mume wa Scola muuza petroli, aliyeingia vitani na jenereta lenye ukubwa wa mbuzi, na hakurudi nyuma hata pale mbuzi yule alipokataa kulia.

Enyi mizimu ya pistoni, nanyi mnaolala ndani ya sailensa, nipeni ulimi! Huko bwenini nilikosoma tulikaririshwa vita vya wafalme wa mbali waliopigana miaka mia na kusahau sababu. Vita hivi vya kwetu sababu yake inajulikana, na ukitaka kuishika utaishika, kwa kuwa ni fimbo.

Zilikuwa zama za Ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kabla ya zama hizo, mtu wa Bariadi akitaka plagi, alilala akaiota. Zama zilipoingia, maduka yalifunguka kama vinywa vya vifaranga, yakajaa redio, ndala, saa zinazowika kama jogoo na maua ya plastiki yasiyonyauka; kukawa na kila kitu chini ya jua isipokuwa kile ulichokuja kukitafuta.

Katika zama hizo Manju Nyanda, kiongozi wa ngoma ya Wagika, mwenye kifua cha debe na sauti ya fahali aliyekosewa heshima, aliuza maksai mnadani, akanunua jenereta, kipaza sauti na spika mbili. Nia yake haikuwa siri. Kwetu, mavuno yakisha, Wagika na Wagalu huchezea uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mwamuzi hakuna ila miguu ya watazamaji: atakayewavuta ndiye mshindi, na atakayebaki na mbwa wake ndiye aliyeshindwa. Shija, manju wa Wagalu, alikuwa na chatu. Na mtu mwenye chatu, ndugu zangu, humshindi kwa koo tupu. Nyanda alitaka sauti yake ifike Malampaka bila kukata tiketi ya treni.

Siku ya majaribio jenereta liliunguruma, Nyanda akaimba wimbo mmoja na nusu ya wa pili. Kisha likakohoa, likakohoa tena, likafa. Wakafungua kifuniko cha tangi: petroli tele. Wakakifunga, wakavuta kamba: likawaka! Wimbo mmoja na nusu, likafa. Wazee wakatikisa vichwa kwa utamu ule wa wazee wanaoona msiba wa mtu mwingine.

“Ugonjwa wa kuja na kuondoka si wa chuma,” wakasema. “Huo una mkono wa mtu.”

Mtu mwenyewe kila mmoja alimwaza, lakini Shija hakamatiki bila ushahidi. Basi Nyanda akamwendea aliyekuwa karibu na hana chatu, yaani Scola, kwenye kibanda chake cha petroli mbele ya gereji.

“Ng'wana Marcelo!” alinguruma, akimwita kwa jina la baba yake ili aibu ienee ukoo mzima. “Petroli yako umeinywesha maji!”

“Mimi?” Scola akashika kiuno. “Manju, mimi niliwanywesha maji ng'ombe wa baba yangu tu, na hao walishukuru. Petroli hii ni safi hata ukiinama juu yake unajiona sura. Inama uone. Halafu usinilaumu.”

Watu wakacheka. Ndipo chini ya trekta bovu palipotokea miguu, kisha tumbo, kisha Mabula mzima, mweusi kwa oili, meno yakimeremeta kama nati mpya. Akapanda juu ya tairi, akainua spana mbinguni, akanena hivi:

“Sikilizeni, enyi Wagika na nyinyi mliopita njia tu! Petroli ya mke wangu ni safi kuliko nia zenu! Jenereta hili litanguruma siku ya ngoma tangu wimbo wa kwanza hadi vumbi litakapotulia. Likizima, mimi Mabula nafunga gereji, spana nazitia guniani, naenda Bukundi kuchunga ng'ombe wa baba mkwe mpaka ndevu zangu zifanane na za mbuzi wake!”

Scola akamvuta suruali.

“Baba Shida, si ungesema tu utajaribu?”

“Maneno yameshatoka, mke wangu.”

“Basi yakimbilie uyarudishe.”

Lakini neno la namna hiyo halirudishwi. Lilifika Bukundi upesi kuliko lori la pamba, likamkuta Mzee Marcelo, aliyemwoza binti yake kwa mtu anayenuka petroli na tangu hapo hakupata mchungaji wa kumridhisha. Alichukua panga, akaingia porini, akakata fimbo nzuri ya mgunga, akaichonga akitabasamu.

Sasa tazameni vita vilivyopangwa! Kwanza Mabula alikabili mafuta. Alimimina petroli kwenye chupa nyeupe, akaisimamisha kivulini mpaka itulie, maana maji yakiwamo hayana siri, hushuka chini yakalala. Hayakuwamo. Akamwonyesha kila mpita njia chupa ile, hata waliokuwa na haraka ya kwenda zahanati.

Kisha akaikabili plagi. Akaenda dukani kwa Mama Klementina, ambaye tangu Ruksa iingie alikuwa ameacha kuuza vitenge, akawa malkia wa vipuri.

“Shikamoo, Mama. Nataka plagi ya jenereta dogo.”

“Marahaba, mwanangu. Ninayo ya pikipiki, ninayo ya msumeno, na ninayo hii, sijui ya nini, lakini angalia inavyong'aa.”

“Ni orijino?”

“Imeandikwa orijino mara mbili! Ile iliyoandikwa mara moja ndiyo ya kuitilia shaka.”

Akainunua iliyoandikwa mara mbili. Ilipasuka alipoikaza. Akaichukua ya pikipiki, ikaingia kama imezaliwa humo. Jenereta likawaka, kikafungwa kila kitu vizuri, likafa katikati ya furaha.

Ndipo Mabula akasema, “Kabureta,” kwa sauti ile watu wanayotamkia jina la adui wa ukoo. Akadandia pikapu ya samaki, akashuka Lamadi kwa wachuuzi wa sangara, ambao majenereta yao yakifa huyachinja na kuuza viungo. Akarudi jioni na kabureta kifuani kama kitoto kichanga, paka watatu wakimfuata kwa nidhamu. Asubuhi akaifunga. Akaweka faneli kwenye tangi, kifuniko akakilaza juu ya benchi, akavuta kamba.

Nani aliyekuwapo atasahau? Liliunguruma! Liliunguruma mpaka mchana, Scola akiongeza petroli kwa faneli. Kuku wakakimbia, wakarudi, wakazoea, mmoja akataga. Likanuka samaki wa kuchoma, lakini likaunguruma. Mabula akalizima kwa mkono wake mwenyewe, akafunga kifuniko, akalikabidhi kwa Nyanda kama anayekabidhi mji.

Siku ya ngoma ikafika. Vumbi la watu lilionekana kabla ya watu. Upande wa jua Shija na Wagalu wake, chatu amemzunguka shingoni kama skafu ya waziri. Upande wa pili Nyanda, kengele miguuni, kipaza sauti mkononi, na nyuma yake jenereta juu ya kreti ya soda. Mbele ya watazamaji, kwenye kigoda alichokuja nacho toka Bukundi, Mzee Marcelo, na fimbo.

Desturi haimruhusu mkwe kumkejeli mkwewe mbele za watu. Mzee alikuwa mtu wa desturi. Basi aliongea na fimbo.

“Fimbo,” alisema, akiipapasa, “umechoka na safari? Vumilia. Hatutarudi wapweke.”

Mabula alisikia. Jasho lilimshuka mpaka kwenye soksi.

Kamba ikavutwa. Jenereta likanguruma, spika zikapasua anga, na sauti ya Nyanda ikawapiga Wagalu kifuani. Watu wakageuka! Miguu ikaanza kuhama! Wimbo wa kwanza ukaisha katikati ya vigelegele, wa pili ukafika nusu… likakohoa.

“Usife,” Mabula alilisihi. “Usife, mwanangu, ng'wanawane.”

Likafa. Miguu ikarudi kwa chatu. Likawashwa, likafa. Upande wa Wagika wakabaki shangazi zake Nyanda, mtu mmoja aliyelala, na mbwa. Nyanda akapiga magoti kwenye vumbi akilia kwamba dawa ya Shija imekula hata kabureta ya Lamadi, na Scola, shujaa wa kike wa tarekhe hii, akaanza kuhesabu moyoni ni masufuria yapi ya kwenda nayo Bukundi.

“Fimbo,” alisema Mzee Marcelo, akinyanyuka, “nadhani wanatuita.”

Hapo ndipo majaliwa yalipoingilia kati kwa njia ya ngozi. Ngoma za Wagalu zilikuwa zimelegea; wapigaji wakaziacha, wakawasha majani wazikaushe zikaze. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uwanja ukanyamaza. Na katika ukimya ule Mabula akafungua kifuniko cha tangi kutazama mafuta kwa mara ya mwisho maishani mwake kama fundi.

*Fyuuuu.*

Mabula akatega sikio. Akakifunga, akavuta kamba, jenereta likawaka, likaenda, likafa. Akafungua tena. *Fyuuuu.* Lilikuwa tangi, likivuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni. Akakigeuza kifuniko kile alichokidhani siku zote kuwa kina grisi tu, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa. Haikuwa grisi.

“Manju,” alisema polepole, “kilichoganda hapa ni nini?”

Nyanda akatazama huku na huku. “Kinga.”

“Kinga gani?”

“Kinga ya ngoma! Ngoma hupakwa mdomoni, filimbi hupakwa mdomoni, mimi mwenyewe nimepakwa mdomoni. Na mashine nikaipaka mdomoni, siku ile ile ilipofika. Nta ya nyuki, mafuta ya nyonyo, na vingine huvijui na hutavijua.”

“Manju! Juu ya kifuniko hiki pana tundu, dogo kama la sindano. Petroli ikishuka, hewa huingia hapo kuchukua nafasi yake. Ukiliziba, petroli inaning'inia, haishuki, injini inakufa kwa njaa na chakula kimejaa mezani! Kule gereji liliunguruma kwa sababu kifuniko kilikuwa benchini. Ulilikinga lisirogwe, na pumzi nayo ukaifukuza mlangoni kama mchawi!”

Akainua bisibisi aikwangue. Nyanda akamrukia mkono.

“Usiguse! Anayetoa dawa ya ngoma uwanjani ametoa ushindi! Shija atatumaliza kabla sijafungua kinywa!”

Na hili, wasikilizaji, halikuwa neno la mzaha. Hakuna Mgika ambaye angecheza nyuma ya chombo kilichovuliwa kinga. Wakwangue, wachezaji waondoke. Wasikwangue, injini ife. Wakatazamana, bisibisi katikati yao. Moto wa Wagalu ulikuwa unakaribia kuzimika, na ngoma zao zimekaza.

“Chatu wa Shija,” alisema Mabula ghafla, “amepakwa dawa?”

“Toka mkiani mpaka kichwani. Kila mtu anajua.”

“Wamemziba pua?”

Nyanda akafikiri. “Hapana.”

“Kwa nini?”

“Si angekufa!”

“Haya basi! Dawa yako ibaki yote, sitatoa hata chembe. Naipa pua tu.”

Uso wa Nyanda ukafunguka kama duka la zama zile. “Pua,” alisema. “Pua inaruhusiwa.”

Lakini bisibisi ilikuwa nene, waya ulikuwa mnene, na pini ya nywele ya Scola ilipinda kwa woga. Macho ya Mabula yakazunguka uwanja mzima, yakatua kwenye fimbo. Karibu na ncha yake, pale ambapo Mzee katika furaha yake alisahau kuchonga, ulibaki mwiba mmoja wa mgunga, mweupe, mwembamba, mkali kama ulimi wa Scola.

Mabula akainama kwa adabu, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

“Baba, naomba fimbo.”

Mzee Marcelo akamtazama Mabula, akamtazama binti yake, kisha akaitazama fimbo.

“Fimbo,” alisema hatimaye, kwa huzuni ya mtu anayeaga ng'ombe wake wote, “nenda. Wanakuhitaji.”

Mabula akauvunja mwiba, akausimamisha juu ya nta, akausukuma. Ukazama. Akauchomoa. Palikuwa na tundu. Tundu lenyewe, enyi watu, hata siafu asingepita bila kuvua koti. Lakini kupitia humo uliingia upepo wote wa nchi ya Usukuma!

Kamba ikavutwa. Wimbo wa kwanza, wa pili, nusu ya wa tatu, na hakuna kikohozi. Watu walihama kama mto Simiyu wakati wa masika, wakiwapita Wagalu, wakivuka moto wao, wakikanyagana visigino; na walioapa kusema kweli wanasema hata chatu aligeuza kichwa. Jua likazama, vumbi likatulia, Nyanda akaishiwa nyimbo akaanza kuimba majina ya jamaa zake, na jenereta lingali likiunguruma na kunuka sangara. Mabula hakulizima. Alisimama kando yake, mwiba amechomeka kofiani kama unyoya wa mtemi, mpaka petroli safi ya mkewe ilipokwisha tone la mwisho.

Na iandikwe basi, juu ya miamba na juu ya madawati ya shule, kwamba katika zama za Ruksa, mbele ya mkwe, chatu na shangazi, Mabula Mfungua-Nati alitoboa tundu!

Fimbo haikurudi Bukundi. Mzee aliikataa, akisema fimbo isiyo na mwiba ng'ombe wataicheka. Imebaki kwa Scola, naye kila asubuhi huitumbukiza kwenye pipa la petroli kupima kina. Mzee Marcelo akija mjini hupita kibandani, hakai, hainui macho kwa mkwewe, huinama tu penye pipa na kuuliza, “Fimbo, wanakutesa?”

Na fimbo, kwa kuwa nayo imeshakuwa mkwe, haijibu.