Kitambuzi cha Moshi na Harusi ya Nasreen

Jumatatu, 4 Mei 2026

Bi Mwanatabu wa Jomvu Kuu anatafuta ukumbi wa harusi ya bintiye Nasreen. Ana mabinti wengine wanne hawajaolewa. Wanne! Nikiipata hii, nimezipata zote. Nikiikosa, wote watakwenda kwa Pascalia, jirani yangu hapa Changamwe, mwenye ukumbi mdogo na majivuno makubwa. Nimemwambia Bi Mwanatabu ukumbini kwangu kuna vitambuzi vya moto. Havipo. Vitakuwepo.

Jumanne, 5 Mei

Fundi Baya amekuja na somo refu. Cha moshi hunusa mapema, moto ungali mdogo, lakini hakijui kutofautisha udi na godoro linaloungua. Cha joto huchelewa, hungoja chumba kiwe moto hasa, ila udi haukibabaishi. Mahali wanapofukiza udi, nifunge cha joto. Halafu kila mwezi nivipanguse vumbi na kuvijaribu. Nimemshukuru sana. Nimechagua cha moshi. Kina taa nyekundu inayopepesa, wageni wataiona. Cha joto kimenuna tu kama kisahani cha chai.

Alhamisi, 7 Mei

Bi Mwanatabu alikuja na chetezo kuufukiza ukumbi. King'ora! Mashangazi wote nje, wengine bila viatu. Akaniuliza, "Wallahi, Ngowa mwanangu, mdudu yule analilia nini?" Nikamwambia anafurahia harusi. Hakucheka. Akasema mdudu akilia tena Jumamosi, harusi inahamia kwa Pascalia, ambaye wakati huo alikuwa mlangoni kwake kajishika mbavu kwa kicheko.

Baya anasema anaweza kubadilisha vyote kesho, aweke vya joto. Kesho kuna mapambo, atanichafulia ukumbi! Nimevivika vitambuzi kofia za kuogea. Kimya kitamu.

Jumamosi, 9 Mei

Harusi ilifana. Nasreen aling'ara, udi ukafuka, vitambuzi vikalala. Kisha kaa la chetezo likaangukia pazia nyuma ya jukwaa. Hakuna aliyejua mpaka shangazi mmoja alipolalamika kuwa biriani inanuka nguo. Wakati huo pazia lote linawaka! Pascalia, aliyekuja kuchungulia tu, ndiye aliyeuzima moto kwa ndoo ya mchanga. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Niliogopa kwelikweli. Nasreen alilia hadi wanja ukamchuruzika, nami nikatamani ardhi ipasuke. Sherehe imemalizikia kwa Pascalia. Wale mabinti wanne walinipita bila hata kunitazama.

Jumapili, 10 Mei

Baya amekuja bila kuitwa. Anasema kitambuzi kilichofunikwa ni pambo. Nimekubali. Nimebadilika! Sasa nataka vya joto, ukumbi mzima. Amefurahi, akanieleza tena kwamba hivyo hulia pale tu joto linapopanda. Nimemsikiliza kwa makini safari hii. Kisha nikamwonyesha pa kuvifunga: vyote mbele ya viyoyozi, kwenye baridi. Havitalia maisha.

Amebeba ngazi yake akaondoka. Nitavifunga mwenyewe.