Jinsi Paskasi wa Nangara Alivyolikabili Jicho la Afande

Sogeeni, enyi watu wa Nangara, na ninyi wa Nakwa mnaodhani mambo makuu hutokea kwenu tu! Zimeni redio, tueni ndoo, mpate kusikia vita alivyopigana Paskasi, Baba Natalia, katibu wa kamati ya mtaa, mnguruma-mikutanoni, mtu ambaye hapakuwa na ajenda iliyowahi kumshinda.

Ikawa asubuhi ya Jumanne, mbwa wake Afande, mlinzi wa kuku, tishio la bodaboda zote, akatoka bandani jicho la kushoto limefumba. Machozi yalimchuruzika hadi puani, akawa analisugua kwa kucha, na kila alipoelekea jua akageuza kichwa kwa maumivu. Paskasi akasimama mlangoni, mswaki mdomoni, na moyo ukamshuka, kwa maana alimpenda mbwa yule kuliko alivyowahi kukiri mbele za watu.

Ndipo akatokea jirani yake Zabron, mganga asiye na cheti, ameinua kikombe cha maji ya ugoro.

"Baba Natalia," akanena, "niachie mimi! Babu yangu alitibu macho ya ng'ombe mia kwa maji haya, na hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Zabron!" Paskasi akanguruma. "Kikombe hicho hakitavuka kizingiti hiki nikiwa hai! Jambo hili linahitaji kikao cha dharura, tuunde kamati ndogo..."

"Jicho halina muda wa kamati," akakatiza Josephina, mkewe, mpasua-hotuba. "Wala msiguse ile dawa yangu ya macho kabatini, ilikuwa ya mtu, tena ya mwaka juzi. Baba Natalia, mshike miguu asijikune. Naita bajaji."

Bajaji ikaja, na dereva wake, Mustapha, akamtazama abiria kwa mashaka.

"Huyo anauma?"

"Huuma wakosaji tu," Paskasi akatangaza.

"Basi mimi nilishakosa mwezi wa nne," akasema Mustapha, akaendesha hadi mjini amekaa upande, asimpe mbwa mgongo.

Genoveva, daktari wa mifugo, hakutoa hotuba. Alimtia Afande dawa ya ganzi jichoni, akainua kope, akamulika tochi, na kwa kibano chembamba akachomoa adui: mbegu ya nyasi, ndogo kuliko punje ya mchele. Kisha akadondosha rangi, nayo ikaonyesha mkwaruzo juu ya kioo cha jicho.

"Mmewahi," akasema. "Siku mbili zaidi, jicho lingeweka ukungu, pengine lisione tena. Likifumba hivi, likiwa jekundu au likitoa machozi, mleteni siku hiyohiyo. Sasa mpakeni dawa hii mara tatu kwa siku, siku saba. Mtaanza alasiri ya leo. Nani atampaka?"

Josephina akamgeukia mumewe. Naye Paskasi, ambaye hajawahi kutetemeka mbele ya diwani, akaipokea tyubu ya dawa kwa vidole viwili.

Alasiri ikafika, na uwanja wa vita ulikuwa ua wa nyuma, karibu na kamba ya nguo. Shambulio la kwanza liliishia kwenye sharubu za Paskasi mwenyewe. La pili lilimpata shatini Zabron, aliyekuwa amekuja kutazama. Afande akaonyesha meno. Paskasi akapanua kifua ili amhutubie. Kisha akaona jinsi mbwa alivyokuwa anatetemeka, na maneno yote makubwa yakamkimbia.

Akapiga magoti kwenye vumbi. "Pole, baba," akanong'ona. "Pole. Hata mimi naogopa."

Afande akashusha kidevu, akakilaza juu ya paja lake. Paskasi akavuta kope la chini taratibu, akakamua, nayo dawa ikaingia. Mbwa akapepesa.

"Imeingia!" Zabron akapaza sauti, na Josephina akashangilia kwa vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

Basi vizazi na vijue kwamba saa tisa na robo alasiri, mtaani Nangara, tone moja la dawa liliingia katika jicho moja la mbwa mmoja, kwa mkono wa mtu mmoja asiyetoa hotuba. Yalibaki mapambano ishirini.