Vyungu Vinane vya Mchwa

Jumanne, 3 Aprili
Mkutano wa wakulima, shuleni. Bi Bibata wa kituo cha utafiti kaja na pikipiki yake na daftari lake. Habari kubwa! Mwezi wa tisa kutakuwa na siku ya shamba. Wakulima wa wilaya tatu watakuja kwetu kuona tunavyofufua ardhi ya kipara, ile ngumu isiyoota hata jani, kwa mashimo ya zai, vile vishimo vya kutia samadi na mbegu kabla ya mvua, na kwa miti inayojiotea yenyewe humo mashimoni. Shamba moja tu litawapokea. Na mwenye shamba hilo atapelekwa Maradi, huko Niger, kufundisha na kufundishwa. Bi Bibata atakagua Agosti, ndipo achague.

Maradi! Ni nani wa kwenda kama si mimi? Picha ya kitambulisho nimeshapiga, ndani ya koti la shemeji. Wakwe nimeshawaaga.

Halafu akasimama Drabo. Huyu ni jirani yangu, Msamo, alikuja kijijini kwetu kwa kuoa, na shamba lake limepakana na langu kwenye mstari wa mawe. Akaanza kueleza yake: samadi kiasi gani, mashimo yaachane hatua ngapi. Watu midomo wazi. Bi Bibata anaandika. Mimi nilipoeleza yangu, alikuwa anatafuta kalamu!

Roho ikaniuma. Nikasimama nikasema mla vichwa vya mbwa hana cha kutufundisha sisi Wamosi, na arudi kwao Tougan leo hii. Nilisema kwa dhati ya moyo wangu.

Watu wakavunjika mbavu! Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu, na tusi la mtani si tusi. Drabo alicheka kuliko wote. Akasema mtumwa wake, yaani mimi, leo kaamka vizuri, akanipa kokwa ya kola nitafune. Nikatoka nje kabla hajamaliza kufundisha. Kola niliila, lakini kwa hasira.

Ijumaa, 6 Aprili
Nimekwenda kumpeleleza. Nimejilaza kifudifudi nyuma ya mstari wa mawe. Ana mashimo mia sita na arobaini. Mimi nina mia mbili na kumi na mawili, na mengine yamechimbwa na kuku.

Akaniona. Akapiga kelele kwamba mtumwa amejileta mwenyewe, sifa njema ni za Mungu, akanitia jembe mkononi. Wapita njia wakawa wanashangilia. Ukikataa utani unaonekana una kisirani. Nikachimba mashimo kumi na moja! Viganja vimetoka malengelenge.

Wakati nachimba, ananieleza kila kitu bila kuulizwa. Samadi ya mbuzi waliokula maganda ya mzaanga, ule mti wa miiba unaorutubisha udongo, ndiyo bora, maana mbegu zinatoka nayo na miti inaota bure. Usiing'oe, palilia uwele ukiiacha. Na mengine tele. Sikuyaamini. Mtu anayegawa siri zake ovyo namna ile, lazima ameficha moja iliyo kubwa.

Jumatatu, 16 Aprili
Mkutano mwingine. Sikwenda. Niende nikamsikilize Drabo? Labda nikiwa maiti.

Kadisso, mke wangu, amekwenda. Karudi uso unang'aa, Drabo hivi, Drabo vile. Akaanza kunisimulia mambo ya mchwa, eti leo wamefundishwa kwamba mchwa... Nikamkatiza. Nikamwambia nyumba hii jina la Drabo lisitajwe wakati wa kula. Akanitazama, akasema haya, Baba Asseta, kula.

Lakini neno moja limenibaki kichwani. Mchwa! Kwani mchwa ni nani? Si ndiye aliyekula mlango wa ghala langu? Si ndiye aliyemaliza mguu wa kitanda, nikaanguka na wageni wapo? Mchwa akiingia katika mashimo ya Drabo, samadi ataimaliza, na vimche vyake vya miti ataviguguna mpaka mizizi.

Nobila, wewe una akili. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua.

Alhamisi, 19 Aprili
Kazi imeanza. Jana nilichukua vyungu vinane vya Kadisso. Unajaza samadi mbichi na makapi ya uwele, unakifudikiza chungu kwenye kichuguu, kesho yake kimejaa mchwa. Ndivyo tunavyowalishia vifaranga wa kanga, kila mtoto anajua. Sasa ni zamu ya Drabo kulishwa.

Jua la saa saba mchana, kijiji chote kimelala. Hata mbwa wamelala. Mimi peke yangu, vyungu kwenye mkokoteni wa punda, huyooo mpaka shambani kwake. Namwaga chungu kimoja kwa mashimo matano, samadi yake na mchwa wake. Mashimo arobaini leo. Nimeandika hesabu, nisije nikarudia shimo. Mungu anisamehe, nilikuwa naimba.

Jumatano, 9 Mei
Siku ya ishirini na moja. Mashimo yote mia sita na arobaini yamepata, na mengine mara mbili. Mchwa wa kwenye vichuguu vyangu wameisha kabisa. Samadi yangu nayo imeisha, sina hata ya kutia katika mashimo yangu. Si kitu! Kumwangusha mtu kuna gharama zake.

Vifaranga sita wa kanga wamekufa kwa njaa. Kadisso ameuliza vyungu vyake viko wapi na vifaranga wake wamekula nini mwezi mzima. Nikamjibu ni ugonjwa wa upepo. Akasema upepo gani unaokokotwa na punda. Mwanamke huyu ana maneno makali.

Drabo nimemkuta kisimani. Akanisalimia vizuri mno, akaniuliza mgongo unaendeleaje. Kwa nini aulize mgongo wangu?

Jumanne, 12 Juni
Mvua ya kwanza! Nimekimbia shambani, matope mpaka magotini.

Mashimo yangu yamejaa maji juu juu kama mabakuli ya supu. Ardhi haikunywa hata tone. Yakafurika, yakabeba na ile mbegu niliyopanda jana.

Nikatazama upande wa pili. Lo! Shamba la Drabo lilikunywa mvua yote na likabaki na kiu. Kila shimo lina vitundu vitundu chini, maji yanazama humo yanaondoka kimya. Mchwa wangu! Mchwa niliowakokota mwenyewe juani wamemtobolea ardhi bure.

Nimekaa juu ya mawe nikalia. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia kama mtoto.

Jumapili, 15 Julai
Uwele wa Drabo umefika kiunoni. Wangu umefika kwenye kifundo cha mguu, nao una manjano.

Na miti! Vimche vya mzaanga, na vya kile kichaka cha bagande, nimehesabu tisini na nne mashimoni kwake. Mwaka jana hapakuwa na kitu pale, ila kipara. Nusu ya vimche hivyo ni vyangu. Vimetoka katika samadi ya mbuzi wangu! Nikamwendea nikamwambia hiyo miti ni yangu anirudishie. Akacheka mpaka akashika nguzo ya banda lake la shambani. Akasema mtumwa hana mali, lakini karibu kivulini ikishakua.

Siwezi hata kugombana na mtu huyu. Kila nikimtukana watu wanatuletea viti wasikilize.

Jumatano, 22 Agosti
Ukaguzi. Bi Bibata alianza kwangu. Alikaa muda wa kunywa maji tu. Akasema asante, Mzee Nobila, jitihada zinaonekana. Hata punda wangu alijua anasema uongo.

Kwa Drabo akachimba shimo kando ya shimo, akapasua udongo kwa kisu. Njia za mchwa zimejaa, mpaka chini kabisa. Akashangaa. Akamuuliza Drabo amewapataje wengi hivi, mbona mashamba mengine hawapo. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama.

Drabo akanyoosha kidole. Kwangu! Akasema mwulizeni mtani wake, siku ishirini na moja yeye Drabo alikuwa amejilaza bandani na kuniona kila mchana nakuja na mkokoteni kumfanyia kazi, naye akanyamaza asije akamkatiza mtumwa mwema.

Kicheko kikalipuka. Kadisso peke yake hakucheka, alikuwa anahesabu vyungu vyake kichwani.

Bi Bibata naye hakucheka. Aliniuliza mbele ya wote nilitia vyungu vingapi kwa mashimo mangapi. Nikaona mlango umefunguka. Nikatoa kifua nje nikasema ni utafiti wangu binafsi, nilikuwa nawajaribu mchwa. Chungu kimoja mashimo matano, siku ishirini na moja, kuanzia tarehe kumi na tisa Aprili saa saba mchana. Akaniuliza nimekumbukaje. Nikasema nimeandika yote daftarini.

Macho yakamtoka. Akasema miaka minane anatafuta mkulima anayeandika tarehe. Akasema hili ni la kuwafikia wakulima wote, na kwamba watakwenda Maradi wawili, Drabo mwenye shamba na Nobila mwenye daftari. Kwa sharti nimpe daftari.

Nikasema naam, naam.

Alhamisi, 23 Agosti
Daftari lenyewe ni hili!

Ijumaa, 24 Agosti
Nimenakili hesabu katika daftari safi, bila matusi, bila machozi. Nimempelekea. Amelikataa. Akasema wino ni wa jana, kurasa hazina hata doa la matope, na wakubwa zake watasema limetungwa. Anataka lile lile la shambani. Akasema kama linanitia aibu nisijali, jina la Drabo peke yake linatosha kwenye safari.

Jina la Drabo peke yake! Drabo akapande basi peke yake, Drabo akasimame mbele za watu Maradi awaeleze mchwa wangu! Arudi hapa ametembea nchi za watu, na mimi nimpokee mzigo kituoni!

Kadisso amenishauri nisilitoe. Akasema hajui kilichomo, ila ananijua mimi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe, Baba Asseta, unataka kuita na watu waje watazame.

Nimewaza tangu asubuhi hadi adhuhuri. Bora nife kwa aibu kuliko kufa kwa kumwona Drabo akienda peke yake. Nalipeleka sasa hivi.

Jumamosi, 8 Septemba
Nimerudishiwa daftari leo, baada ya siku ya shamba. Watu mia tatu, wa wilaya tatu. Bi Bibata alitaka kusoma hesabu tu. Ndugu mmoja wa Drabo, mpiga ngoma, akadai kusikia yote, na umati ukapiga makofi. Bi Bibata akaniangalia. Ningekataa mbele ya umati ule? Akasoma.

Akasoma mla mbwa. Akasoma kujilaza nyuma ya mawe. Akasoma nilivyotaka vimche vife, vyote, kwa roho safi kabisa. Niliangalia vidole vya miguu yangu nikasubiri mawe.

Wakacheka! Wazee wakafuta machozi kwa kanzu. Wakasema huu ndio utani, siku hizi vijana hawaujui, tazameni mtu aliyefanya kazi siku ishirini na moja ili mtani wake apate mavuno. Chifu akanipa kofia. Hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba nilikuwa na kijiba cha roho! Msimu mzima nimemchukia mtu kwa uaminifu, na hata sifa hiyo sikupewa.

Tulipokuwa tunakunywa maji ya unga wa uwele, Drabo akaniinamia sikioni. Hakuwa anacheka. Akasema yeye anajua ule haukuwa utani, alijua tangu chungu cha kwanza. Siku zile tatu za mwanzo alitaka kunivunja mguu. Kisha akautazama udongo, akaona mchwa hawajui kama nimewaleta kwa ubaya. Akasema mwakani niwalete kwangu kwanza, atanisaidia kukokota, kwani watoto wangu hawatakula kofia.

Ghala langu kweli ni tupu. Nikaishusha ile kofia mpaka machoni, nikasingizia jua.

Jumapili, 9 Septemba
Drabo ametuma magunia mawili ya uwele. Kadisso ameyapokea kwa mikono miwili. Nimemwambia Drabo asante, na nilimaanisha. Nimeapa mbele ya Kadisso kwamba wivu basi. Nimekuwa mtu mwingine. Nahisi wepesi hata nikitembea.

Alhamisi, 20 Septemba. Maradi
Tumefika. Drabo amenipa kiti cha dirishani njia nzima. Ndugu yangu kabisa yule.

Mwenyeji wetu hapa anaitwa Malam Lawali. Mtu mpole, kanzu nyeupe. Hakupanda mti hata mmoja. Anachagua machipukizi kwenye visiki vya zamani, anapogoa, anaacha yakue. Miti mia moja na ishirini katika shamba lisilozidi letu! Tena mirefu, tena imenyooka. Wageni wa nchi tano wamekaa chini wanaandika kila anachosema. Drabo anaandika. Bi Bibata anaandika, na alimwambia mkalimani kwamba hajawahi kuona mkulima kama huyu.

Hajawahi? Na mimi je?

Sikuandika. Nilizunguka nikapima shamba lake kwa hatua. Tulipokuwa tunakula, nikamuuliza kwa heshima zote, kupitia mkalimani, huku kwao ni kitu gani kinachodhuru machipukizi kuliko vyote. Akanieleza yote, taratibu, bila kunificha hata moja. Mjinga mkubwa! Akaongeza kwamba kesho asubuhi somo lenyewe ndilo hilo, hivyo nisikose kuja.

Nimeshawaambia wenzangu kwamba kesho nitaumwa tumbo. Wote wakiwa darasani, shamba lake litabaki bila mtu.