Ombi la Kubadilishiwa Mzungu

Bi. Pyo Myeong-suk,
Ghorofa ya Pili, Jumba la Mteremkoni,
Hannam, Seoul.

Kwa Bwana Yang Gi-hwan,
Dalali wa Nyumba, Hannam.

Mheshimiwa Bwana Yang,

YAH: MPANGAJI ASIYE MGENI WA KUTOSHA

Natumaini u mzima, na lile goti lako limetulia. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyoni nimekasirika, na sababu ni wewe.

Utakumbuka nilipokuja ofisini kwako nilitamka wazi kwamba nataka mzungu. Nyumba yangu ya ghorofa ya tatu ingeweza kuchukuliwa na Mkorea yeyote mwenye uwezo, nao wamejaa. Lakini Bi. Ma, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuwa na mpangaji Mfaransa, na kila tukikutana alinipa habari za jibini. Nilitaka na mimi niwe na la kusema. Ukaniletea Bwana Aksel Nordby, Mnorwei, mhandisi wa meli, mrefu hadi anainama mlangoni. Nikafurahi, hata nikamlipa mwalimu wa Kiingereza ili nizungumze naye mbele za watu. Bwana Yang, umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikataa kuhamia siku niliyompangia. Alisema, "Mama, siku hiyo mapepo yanazurura. Tungoje siku ambayo hayapo." Mzungu! Kalenda yenye siku hizo mimi huificha nyuma ya kabati kila mwaka tangu nilipohamia Hannam, watu wasije wakaniona mshamba. Wenye magari wakamtoza zaidi, maana siku njema kila mtu anaitaka, naye akalipa huku akicheka.

2. Siku hiyo hiyo ya kuhamia akapita mlango kwa mlango akigawa keki za mchele na maharage mekundu, kama walivyofanya wazee wetu. Katika jumba hili tumeishi miaka mingi bila kujuana, kwa amani. Sasa watu wanasalimiana kwenye lifti. Profesa wa ghorofa ya nne ameniuliza hali ya mgongo wangu. Sikununua nyumba Hannam ili nisalimiwe. Salamu zipo bure vijijini.

3. Alipotualika kuibariki nyumba, nilimpelekea mvinyo ghali wa Kifaransa. Akaupokea kwa mikono miwili, akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Karatasi za choo je, Mama? Sasa mambo yangu yatafungukaje kama karatasi inavyofunguka?" Bi. Ma alikuwa ameshaketi na furushi lake la karatasi za choo na sabuni ya unga, zawadi za nyumba mpya kwa mila yetu, akanitazama kama mtu asiyefunzwa na wazazi. Bi. Ma huyo huyo wa jibini!

4. Hili ndilo linaloniuma. Kikorea alijifunza kwenye kiwanda cha meli kule Jeolla, pwani ya kusini, kwa hiyo anaongea kama wachuuzi wa samaki wa Mokpo. Kiingereza changu hataki kukisikia. "Mama wee, ya nini kujitesa? Umekula lakini?" Ananiuliza hivyo kwenye lifti, kwa sauti! Na wewe u mtu wa kule kule, ingawa hatujawahi kulisema, kwa hiyo unajua kwamba lafudhi ile niliifukia nilipoolewa Seoul, nikaikanyagia udongo. Juzi nikamjibu, "Nimekula weee! Na wewe je, mwanangu?" Ikanitoka sauti ya marehemu mama yangu. Bi. Ma alikuwemo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

5. Analeta samaki aina ya taa aliyechachushwa, kitoweo cha kule kwetu. Harufu yake sina haja ya kukueleza. Profesa alipouliza, nikasema ni mabomba ya choo. Kisha Bwana Nordby akaniletea sahani, pamoja na nyama ya nguruwe na kimchi, ile kabichi yetu ya pilipili, iliyokomaa. Nikaimaliza yote, ili kuteketeza ushahidi.

Hoja yangu basi ni nyepesi. Mwanangu Jun-mo, aliyeko Vancouver, hagusi tena kimchi, kwa kuwa watoto wake wanaiogopa. Hunipigia simu mwaka mpya tu, na tangu mwaka jana ananisalimia kwa Kiingereza. Ikiwa mgeni ndiye mwenyeji, na mwanangu wa kumzaa ndiye mgeni, mimi hadhi yangu nitaiweka wapi? Naomba umwondoe Bwana Nordby, unitafutie mzungu kamili: anayevaa viatu sebuleni, anayetokwa machozi kwa pilipili, asiyejua jina la mtu yeyote, wala kujali kama nimekula. Sheria ikidai kosa, andika kwamba amejifanya mgeni kwa udanganyifu. Na kama wa namna hiyo wameadimika, niko tayari kumpangisha Jun-mo, kwa kodi ile ile.

Nisalimie mkeo, wanao, wakwe zako wote, na yule binti wa ofisini kwako anayenipa kahawa iliyopoa.

Ni mimi, ninayelinda heshima ya mtaa,

Pyo Myeong-suk

Baada ya sahihi: Nilikuwa nabandika stempu, Bwana Nordby akabisha hodi. Kumbe Bi. Ma, niliyemdokezea kidogo tu, amemwambia kwamba simtaki. Hakukasirika. Alisema, "Sitaki kukusumbua, Mama. Nitahama. Wewe nichagulie tu siku ambayo mapepo hayapo." Nikaitoa kalenda nyuma ya kabati, nikaipangusa vumbi, nikaipekua mbele yake ukurasa kwa ukurasa. Nikamwambia mwaka huu hakuna siku. Mwaka ujao pia hakuna. Kalenda hiyo anaijua kuliko mimi. Akaifunga kalenda, akasema, "Haya, Mama. Kama hakuna, hakuna."

Kwa hiyo akija kwako kuulizia nyumba, na wewe mwambie hivyo hivyo. Jumamosi tunatia chumvi kabichi za kimchi kwake. Njoo na mkeo, na msije na mvinyo.