Mheshimiwa Asipitwe

Ofisi ya Mkurugenzi iliutangazia umma kwamba Mbio za Hisani za mwaka huu zingekuwa za haki, amani na utulivu, na kwa kuwa Mkurugenzi mwenyewe angekimbia, hakuna mwananchi angeruhusiwa kumpita.

Kanuni hiyo aliitunga ofisa itifaki, ambaye mtaani walimwita Bwana Utaratibu, naye akadhani wanamsifu. Zahanati haikuwa na machela; wagonjwa walibebwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye choo chake. Mwokaji mikate aliahidi kununua machela iwapo angalau nusu ya wakimbiaji wangerudi uwanjani kabla ya king'ora cha saa sita.

Filimbi ikalia. Mkurugenzi akachomoka kama mtu anayeachwa na basi, na kwenye kona ya kwanza pumzi zikamwishia. Akatembea, mji mzima ukatembea nyuma yake. Akasimama kufunga kamba za viatu, mji ukasimama. Walionung'unika walielezwa na Bwana Utaratibu kwamba hiyo si foleni, ni mwendo shirikishi.

Jua likapanda. Bwana Utaratibu akaanza kutokwa jasho, maana mkewe alikuwa zahanati akisubiri kujifungua, na kumwazia juu ya mlango ule kulimkata maini.

Mkunga wa zahanati akamsogelea. "Baba, kumpita hapana. Kugeuka je?"

Bwana Utaratibu akaipekua kanuni yake kichwani, akakohoa kiofisi. "Kugeuka hakujakatazwa. Geukeni kwa utaratibu."

Weee! Mji ukatimka kurudi uwanjani, vumbi likatanda, na king'ora kikalia mwokaji akiwa ameshakubali yaishe.

Huko mbele, Mkurugenzi aliposikia kimya nyuma yake, aliamini amewaacha wote mbali. Akaongeza mwendo kwa furaha, msuli wa paja ukamkaza, chini puu. Machela ilikuwa imepatikana lakini haijanunuliwa, kwa hiyo alifuatwa na mlango. Akaingia uwanjani amelala chali, akipunga mkono na kudai kombe.

Mkunga akampongeza, kisha akamwomba ashuke upesi, kwani kuna mjamzito kwenye choo cha zahanati anausubiri mlango.

Mkurugenzi akafura. Ni nani huyo wa kumharakisha yeye?

"Ni mke wangu, Mheshimiwa," akasema Bwana Utaratibu, "na kwa itifaki, yeye ndiye aliyetangulia kuingia."

Akashika upande wa kichwani, akauinamisha mlango.